Majina ya mahali katika Kigiriki cha Agano Jipya: Hierosolyma, Ierousalēm, Bethleem… yanachanganuliwaje?

Mwanagenzi wa Ihumwa

Mbukwenyi wakuu. Shikamooni walimu.

Kikundi chetu cha Kigiriki hapa Dodoma kimefika Mathayo 2 na kimekwama kwenye majina ya mahali. Mstari wa 1 una *en Bethleem tēs Ioudaias*, kisha *eis Hierosolyma*. Mstari wa 3 una *pasa Hierosolyma*, yaani Yerusalemu yote. Kamusi inasema Hierosolyma ni wingi, jinsia ya kati (si ya kiume wala ya kike). Kama ni hivyo, *pasa* ya umoja na ya kike imetoka wapi? Sisi tulitegemea *panta*, ya wingi na ya kati.

Halafu ukifika Mathayo 23:37 unakuta jina jingine kabisa, *Ierousalēm*. Biblia ya Union inaandika Yerusalemu kotekote, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hawezi kujua kwamba kuna majina mawili.

Kuhusu Bethleem tumegawanyika. Wengine wanasema ni dativu, wengine wanasema neno lisilobadilika halina hali yoyote (yaani kazi ya nomino katika sentensi: nominativu, akuzativu, genitivu au dativu), hivyo kwenye jedwali tuache wazi. Nani yuko sahihi? Na je, maana ya jina inasaidia chochote katika kufasiri? Maana huku mimbarani "nyumba ya mkate" haikosekani kila Desemba.

---

Mchambuzi_AreaC

Marahaba. Naanza na Bethleem, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotuponza.

Sisi tunasema nakwenda Dodoma, nakaa Dodoma, natoka Dodoma. Jina halitikisiki, kihusishi hakipo, na kitenzi ndicho kinachobeba habari yote ya mwelekeo. Hata ile -ni ya sokoni na shambani hatuipachiki kwenye jina la mji. Hakuna asemaye "Dodomani". Kigiriki hakikuachii raha hiyo. Kinataka kihusishi, na kihusishi kinadai hali yake:

*eis* + akuzativu: kwenda, kuingia. *eis Korinthon*
*en* + dativu: kuwapo, kukaa. *en Korinthō*
*ek* au *apo* + genitivu: kutoka. *ek tōn Athēnōn*, *apo Nazaret*

Matendo 18:1 inazo mbili ndani ya pumzi moja: *chōristheis ek tōn Athēnōn ēlthen eis Korinthon*, akatoka Athene akafika Korintho. Mswahili hahitaji kihusishi hata kimoja hapo. Ndiyo maana wanafunzi wetu wakitunga sentensi husahau kihusishi, au hukiweka kisha wakaliacha jina katika nominativu, hali ya kiima, kana kwamba ni Dodoma.

Sasa Bethleem. Wanaosema halina hali wamechanganya vitu viwili: hali na alama ya hali. Alama haipo, hali ipo. *En* haiwezi kufuatwa na kitu kingine isipokuwa dativu, kwa hiyo kwenye jedwali andikeni: dativu, umoja, ya kike, haibadiliki. Msiache wazi. Majina mengi yaliyotoka Kiebrania na Kiaramu yako hivyo: Bethleem, Nazaret, Kapharnaoum, Bēthphagē, Siōn, Ierousalēm. Ukitaka hali yake, tazama mambo haya kwa mpangilio huu: kibainishi (*ho, hē, to* na jamaa zake) kama kipo, kisha kihusishi, kisha kivumishi au kitenzi-jina kinachoambatana nalo. Luka 4:23 ina *eis tēn Kapharnaoum*: *tēn* inakupa akuzativu, umoja na jinsia ya kike kwa mkupuo. Mathayo 23:37, *Ierousalēm Ierousalēm, hē apokteinousa tous prophētas*, kinachokuonyesha jinsia ni *hē apokteinousa*.

Usiulize lakini kwa nini Luka 4:23 ina *eis* wakati mambo "yalitendeka" Kapernaumu na hakuna aliyekuwa akienda. Katika Kigiriki cha zama zile *eis* ilikuwa imeanza kumeza kazi ya *en*. Kadhalika Matendo 8:40, Filipo *heurethē eis Azōton*, alionekana Azoto. Ukikuta hivyo usilazimishe tafsiri ya mwendo, ila hali inabaki akuzativu.

Na *tēs Ioudaias*: hii ni genitivu ya eneo kubwa lililobeba mji, na Kiswahili kinaipokea bila shida kwa -a unganifu: Bethlehemu ya Uyahudi, Kana ya Galilaya, Tarso ya Kilikia. Mji mara nyingi hauna kibainishi, eneo linacho. Sababu ni kwamba *Ioudaia* kwa asili ni kivumishi, "ya Kiyahudi", na nomino yake imefichwa. Marko 1:5 anaitoa hadharani: *pasa hē Ioudaia chōra*. Yohana 3:22: *eis tēn Ioudaian gēn*.

---

Nuru ya Mpwapwa

Mchambuzi amemaliza Bethleem, mimi nachukua Hierosolyma.

Mji mmoja, maumbo mawili. *Ierousalēm* (Ἰερουσαλήμ) ni jina la Kiebrania lililonakiliwa kwa sauti tu, ndivyo lilivyo katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale. Halibadiliki. *Hierosolyma* (Ἱεροσόλυμα) ni jina hilohilo lililovishwa kanzu ya Kigiriki: limepewa mwisho unaobadilika na, kwa wahariri wengi, pumzi ya *h* mwanzoni ili lisikike kama *hieros*, "-takatifu". Watu wa hapa wanaelewa haraka nikiwaambia wafikirie Idodomya na Dodoma. Masikio ya wageni yalilipokea la kwanza, kalamu zao zikaandika la pili, na leo hakuna anayedhani ni miji miwili.

Hierosolyma hubadilika hivi:

nominativu na akuzativu: *Hierosolyma*
genitivu: *Hierosolymōn*
dativu: *Hierosolymois*

Kwamba ni wingi si nadharia ya kamusi. Yohana 5:2 anasema *en tois Hierosolymois*, kwa kibainishi cha wingi.

Matumizi yanatofautiana kwa mwandishi. Marko na Injili ya Yohana, kwa matoleo ya kitaaluma ya leo, wana Hierosolyma peke yake. Mathayo naye ana Hierosolyma kote isipokuwa 23:37, na hapo linatajwa mara mbili mfululizo kwa sauti ya maombolezo, mtindo wa manabii. Luka katika Injili yake anapenda Ierousalēm, Hierosolyma linatokea mara nne tu: 2:22, 13:22, 19:28 na 23:7. Katika Matendo anachanganya yote mawili. Waebrania na Ufunuo ni Ierousalēm.

Kuhusu *pasa Hierosolyma* ya Mathayo 2:3, mshangao wenu ni wa haki. Kisarufi ingekuwa *panta Hierosolyma*. Kuna maelezo mawili, na tofauti yao ni ndogo kuliko vitabu vinavyodai. La kwanza: mwandishi anaufikiria mji, *polis*, ambayo ni nomino ya kike ya umoja, hivyo kivumishi kinafuata wazo na kuacha umbo. La pili: umbo lenyewe lilikwisha kuchukuliwa na baadhi ya watu kama nomino ya kike ya umoja yenye mwisho wa -a. Mimi naegemea la kwanza, kwa kuwa ndivyo hata sisi tunavyofanya bila kujua. Tunasema *Dodoma imekua* tukifikiria jina, *Dodoma kuna upepo* tukifikiria mahali, na *Dodoma ule wa zamani* tukifikiria mji, ingawa neno "mji" halikutajwa. Upatanisho unamfuata aliye kichwani mwa msemaji.

Msidanganyike na Mathayo 3:5, *exeporeueto pros auton Hierosolyma*. Kitenzi ni cha umoja, lakini hilo si ushahidi kwamba jina ni la umoja. Wingi wa jinsia ya kati kwa kawaida huchukua kitenzi cha umoja, na papo hapo *pasa hē Ioudaia* inafuata.

Jambo jingine kabla hamjaniuliza: *pas* bila kibainishi kwa kawaida ni "kila". Je, ni "kila Yerusalemu"? Hapana. Jina la pekee lina ubainifu wake tayari, halihitaji kibainishi ili *pas* imaanishe "-ote". Warumi 11:26, *pas Israēl*, ni Israeli yote.

Na hapa Union ina kitu kizuri ambacho wasomaji wa leo wanakipita. Inasema Herode "alifadhaika, na Yerusalemu pia pamoja naye". Leo "pia" tunaisikia kama "vilevile", na mtu atadhani *pasa* imeachwa. Lakini Kiswahili cha zamani kilitumia "pia" kwa maana ya "-ote", kama katika "wote pia". Mimi naisoma *pasa* ndani ya neno hilo.

---

Mtumishi_Kongwa

Bwana asifiwe. Nashukuru kwa darasa. Naongeza la kiroho: tumefundishwa kwamba Hierosolyma ni mji wa kidunia, wa mawe na siasa, na Ierousalēm ni mji wa ahadi. Wagalatia inathibitisha. Sura ya 1 na ya 2 Paulo anasimulia safari zake na anaandika Hierosolyma (1:17, 1:18, 2:1). Sura ya 4 anapofika kwenye "Yerusalemu wa juu" anabadili na kuandika Ierousalēm. Hiyo haiwezi kuwa bahati.

---

Nuru ya Mpwapwa

Amina mtumishi, na kwa Wagalatia uko sawa: anapobadili mada anabadili na umbo. Ila angalia, 4:25 anataja *tē nyn Ierousalēm*, Yerusalemu wa sasa ulio utumwani na watoto wake, kwa umbo lilelile la ule wa juu. Kwa hiyo hata hapo umbo halitenganishi wa kidunia na wa mbinguni. Linaashiria kwamba sasa tumeingia kwenye hoja ya Maandiko, lugha ya Sara na Hajiri.

Kisha kanuni yako ijaribu nje ya Wagalatia:

Warumi 15:25, *poreuomai eis Ierousalēm*. Paulo anapeleka mchango. Ni safari ya miguu na meli kama zile za Wagalatia 1, na umbo ni Ierousalēm.

Luka 2:22, wanampandisha mtoto *eis Hierosolyma*. Mstari wa 25, Simeoni alikuwa *en Ierousalēm*. Mji mmoja, tukio moja, hekalu moja, mistari miwili tu kati yake.

Matendo 1:4, wasitoke *apo Hierosolymōn*. Mstari wa 8, mtakuwa mashahidi *en te Ierousalēm*. Msemaji ni yuleyule na wasikilizaji ni walewale.

Kinachobaki ni mwelekeo wa jumla: Ierousalēm lina harufu ya Maandiko ya kale, Hierosolyma ni jina la kawaida la Kigiriki ambalo hata asiye Myahudi angelitumia. Sema hivyo darasani. Usilifanye umbo la neno kuwa fundisho.

---

Fasiri wa Kondoa

Nimefurahi mjadala huu, ila mmebaki Uyahudi. Wanafunzi wanaumia zaidi wakifika Matendo, Paulo anapoanza kusafiri. Nitaje mitego mitatu.

Miji ya -os iliyo ya kike. Korinthos, Ephesos, Damaskos, Tarsos, Tyros, na nchi Aigyptos. Visiwa navyo: Kypros, Patmos, Rhodos. Vyote vinabadilika kama *logos*, -os, -ou, -ō, -on, lakini jinsia ni ya kike. Miji kwa sababu ya *polis*, nchi kwa sababu ya *gē* au *chōra*, visiwa kwa sababu ya *nēsos*. Matendo 9:3: *engizein tē Damaskō*. Aliyezoea kutazama mwisho peke yake atasema *tē* na *Damaskō* havipatani. Vinapatana, ni dativu, umoja, ya kike vyote viwili. Mito ni kinyume: *ho Iordanēs* ana sura ya kundi la kwanza (nomino zinazobadilika kwa -a au -ē, nyingi zikiwa za kike) lakini ni wa kiume, kwa sababu ya *potamos*. Pontos nalo ni la kiume. Hilo lishikeni kwa kichwa tu.

Miji iliyo wingi. Athēnai (wingi, ya kike), Kolossai vilevile, Philippoi (wingi, ya kiume), Thyateira na Sodoma (wingi, ya kati), Sardeis (wingi, kundi la tatu, dativu *Sardesin*). Ukitafsiri, ni mji mmoja. *En Philippois* ni "Filipi", si "katika Mafilipi". Kosa la pili, na ndilo baya, ni kuona *en Philippois* ukadhani ni watu, "kati ya Wafilipi". Watu wana neno lao: *Philippēsioi*, Wafilipi 4:15.

Kibainishi kisicho cha jina. Ufunuo 2:1: *tō angelō tēs en Ephesō ekklēsias*. *Tēs* iko jirani na Efeso, ila mwenyewe ni *ekklēsias*, kanisa, kule mwisho. Kanuni: kibainishi na jina lake lazima wawe na hali, idadi na jinsia zilezile. *Tēs* ni genitivu, *Ephesō* ni dativu, hivyo endelea kutafuta mpaka umpate mwenye mali.

Halafu kibainishi chenyewe kina tabia. Jina la mji likitajwa mara ya kwanza kwa kawaida huja uchi. Likirudiwa hupewa kibainishi, kama kusema "huo mji niliokwisha utaja". Fungueni Matendo 17 mfuate kwa kidole. Mstari wa 10 *eis Beroian*, mstari wa 13 *en tē Beroia*. Mstari wa 15 *heōs Athēnōn*, mstari wa 16 *en de tais Athēnais*. Kisha 18:1 *ek tōn Athēnōn*, kwa kuwa Athene tunaijua, ila *eis Korinthon* haina, kwa kuwa Korintho ndiyo kwanza inaingia. Si sheria ya chuma, lakini ukiijua huendi kutafsiri kila *tē* kwa "ile".

Sasa watu wa mji. Kiswahili kinabandika mbele, m- na wa-: Mgogo, Mrangi, Msandawe, Mkorintho. Kigiriki kinabandika nyuma, na kila mji una kiambishi ulichozoea. Huwezi kukisia kwa uhakika. Korinthos humtoa *Korinthios*, Athēnai *Athēnaios*, Tarsos *Tarseus* (Matendo 9:11, *Saulon onomati Tarsea*), Alexandreia *Alexandreus*, Samareia *Samaritēs*. Ukitaka mwanamke, mwisho hubadilika tena: *Samaritis* katika Yohana 4:9, *Syrophoinikissa* katika Marko 7:26, *Magdalēnē* kutoka Magdala. *Philippēsioi* linasikika Kilatini kwa makusudi, maana Filipi ilikuwa koloni la Warumi (Matendo 16:12).

Nazareti ina mawili. Marko anaandika *Nazarēnos* tu. Mathayo, Yohana na Matendo *Nazōraios*. Luka katika Injili ana yote. Union imejitahidi kuitunza tofauti katika Mathayo 2:23, "Ataitwa Mnazorayo", jambo linalowachanganya wasomaji, lakini kwa mwanafunzi wa Kigiriki ni zawadi.

---

Mchambuzi_AreaC

Nakubaliana na Fasiri. Niongeze la uandishi, maana nimeona watu wananakili Kigiriki kwenye simu bila alama. Ile nukta ndogo ya iota chini ya herufi ikidondoka, *Beroia* ya dativu (Βεροίᾳ) inakaribia kufanana na nominativu (Βέροια). Mkiandika kwa herufi za Kilatini kama hapa, tofauti inapotea kabisa. Kwenye daftari andikeni kwa Kigiriki.

Kundi la kwanza nalo linasahaulika: shina likiishia e, i au r, umoja unashika *-a, -as, -a, -an*, kama Galilaia, Bēthania, Samareia, Antiocheia. Vinginevyo kwa kawaida ni *-ē, -ēs, -ē, -ēn*: Thessalonikē, Rhōmē, Ioppē.

---

Mwanagenzi wa Ihumwa

Asanteni sana walimu. Bado swali la maana. "Nyumba ya mkate" tuiache au tuishike?

---

Fasiri wa Kondoa

Anza na Dodoma. Tunasimuliwa kwamba Idodomya ni "imezama", kwa ajili ya tembo aliyedidimia kwenye tope. Vizuri. Sasa mtu akikuambia "kesho nakwenda Dodoma", amesema kwamba kesho anakwenda kuzama? Asili ya jina ni jambo moja, maana ya sentensi ni jambo jingine.

Kwa Agano Jipya kuna kipimo rahisi. Mwandishi akitaka maana ya jina ifanye kazi, anakuambia mwenyewe, na ana maneno yake ya kukuambia. Yohana 9:7, Siloamu, *ho hermēneuetai Apestalmenos*, maana yake Aliyetumwa. Matendo 1:19, Akeldama, *tout' estin chōrion haimatos*, yaani shamba la damu. Waebrania 7:2, mfalme wa Salemu, *ho estin basileus eirēnēs*. Ukiona *ho estin*, *tout' estin*, *ho hermēneuetai* au *ho legetai*, maana iko ndani ya maandishi na unayo haki ya kuifasiri. Bethlehemu kwa Kiebrania ni "nyumba ya mkate" kweli, lakini Mathayo na Luka hawakulifafanua popote. Ukilihubiri, sema ni Kiebrania na ni tafakari yako.

Golgotha ndilo zuri kwa zoezi, kwa sababu kila Injili imelishika kivyake. Mathayo 27:33 anatoa jina kisha tafsiri, *Kraniou Topos*, Mahali pa Fuvu. Yohana 19:17 anageuza: tafsiri kwanza, kisha *ho legetai Hebraisti Golgotha*. Luka 23:33 anaacha jina la Kiaramu kabisa na kusema *Kranion* tu. Marko 15:22 ana *epi ton Golgothan topon*, amelipa jina la kigeni mwisho wa akuzativu, *-n*. Hivyo "halibadiliki" katika kamusi ni kauli ya matumizi ya kawaida; mwandishi akitaka, hulibadilisha.

Majina ya Kigiriki halisi yana maana iliyo wazi kwa msemaji, na hapo mfasiri anapata kazi. Dekapolis ni *deka* na *polis*, miji kumi, ila limekuwa jina la eneo, kwa hiyo Dekapoli ni sawa. *Kaloi Limenes* katika Matendo 27:8 Union imelitafsiri, Bandari Nzuri. Angalieni lilivyo kwenye mstari: *kaloumenon Kalous Limenas*. Maneno yote mawili yamehamia akuzativu. Jina la maneno mawili hubadilika pande zote, sawa na *eis Nean Polin* ya Matendo 16:11. Mkilitafuta *Kalous* kwenye kamusi ya majina hamtaliona.

---

Nuru ya Mpwapwa

Kwa Mlima wa Mizeituni kuna fumbo dogo ambalo Fasiri amelipita. Luka 19:29: *pros to oros to kaloumenon ΕΛΑΙΩΝ*. Ukiweka alama ἐλαιῶν, ni genitivu ya wingi, "ya mizeituni". Ukiweka Ἐλαιών, ni nominativu ya jina, "Shamba la Mizeituni". Hati za kale za herufi kubwa kwa kawaida hazina alama hizo, kwa hiyo uamuzi ni wa mhariri, na matoleo yanatofautiana. Luka 19:37 haina utata, *tou orous tōn elaiōn*, kibainishi *tōn* kinaamua kuwa ni wingi. Matendo 1:12 nayo haina utata upande wa pili, *tou kaloumenou Elaiōnos*, hapo ni jina. Kwa tafsiri ya Kiswahili haibadilishi kitu, ila mwalimu akiwauliza katika mtihani, jibu sahihi ni kutaja yote mawili na kusema toleo lenu limechagua lipi.

---

Mwanagenzi wa Ihumwa

Nimejaribu Matendo 14:6–8 peke yangu, naombeni msahihishe.

*eis tas poleis tēs Lykaonias Lystran kai Derbēn*

*tas poleis*: akuzativu, wingi, ya kike, kwa ajili ya *eis*. *tēs Lykaonias*: genitivu, eneo kubwa lililobeba miji. *Lystran*: akuzativu, umoja, ya kike, nominativu yake Lystra. *Derbēn*: akuzativu, umoja, ya kike, nominativu Derbē. Haya mawili yamekaa sambamba na *poleis* na kushika hali yake.

*en Lystrois tois posin*

*Lystrois*: dativu, wingi, ya kati. *tois*: kibainishi cha Lystrois, kwa kuwa mji umekwisha tajwa katika mstari wa 6. Hapa ndipo nimeduwaa: mstari wa 6 ni umoja wa kike, mstari wa 8 ni wingi wa kati. Nimekosea wapi?

---

Mchambuzi_AreaC

Umoja na wingi hujakosea. Lystra ndivyo lilivyo: akuzativu yake ni *Lystran*, ya kike umoja, na dativu yake ni *Lystrois*, ya kati wingi. Ni jina la huko bara la Anatolia lililoingia Kigiriki likapata milango miwili. Angalia 16:1–2, mambo ni yaleyale: *eis Lystran*, kisha *en Lystrois*. Timotheo wa Pili 3:11 nayo *en Lystrois*. Kamusi nzuri itakuandikia jinsia mbili, *hē* na *ta*, kwa hiyo ukiona hivyo usidhani ni kosa la chapa.

Ulipokosea ni *tois*. Umeikumbuka kanuni ya Fasiri ya kutaja mara ya pili, ukasahau ile ya Ufunuo 2:1. Kibainishi hutangulia jina lake, na Lystrois limeshapita. *Tois* ni ya *posin*, dativu ya wingi ya *pous*, mguu, ambayo ni ya kiume. Inakamilisha *adynatos*: mtu *adynatos tois posin*, asiye na nguvu za miguu. *En Lystrois* imechomekwa katikati, na kwa bahati mbaya *tois* ya kiume na ya kati zinafanana, ndiyo maana macho yako yalivuka.

Kama unataka Lystra yenye kibainishi chake halali, ni mstari wa 21: *hypestrepsan eis tēn Lystran*. Wanarudi mji tuliokwisha utembelea. Derbē nalo utakutana na mtu wake katika 20:4, *Gaios Derbaios*.